Namna ya Kuvunja Kimya Baada ya Ugomvi wa Nyumbani

Kununiana kuna dalili zinazojulikana: chakula kinaandaliwa bila neno, majibu ni ya mkato, na usiku wawili wanalala mzungu wa nne. Wengi wanaofika kwa mshauri nasaha huiita hali hiyo utulivu, kwa kuwa hakuna aliyepaza sauti. Ugomvi wenyewe haujaisha, ila haupati tena nafasi ya kujibiwa. Anayetaka kutoka hapo aanze kwa kujiuliza kwa nini amenyamaza, maana kimya hiki kina aina mbili na kila moja ina dawa yake.

Aina ya kwanza ni ya mwili uliozidiwa. John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyewachunguza wanandoa kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, aliwapima mapigo ya moyo walipokuwa wakijadili wanayokosania, akaona kwamba mapigo yakipita takriban 100 kwa dakika mtu hawezi tena kusikiliza vizuri wala kupima maneno yake. Hapo wengine hufoka na wengine, hasa wanaume, hujifunga kabisa. Aina ya pili ni adhabu: mtu anaweza kuzungumza, lakini anamnyima mwenzake maneno ili ajue kosa lake bila kuambiwa. Mara nyingi kipimo ni rahisi: jirani akibisha hodi sasa hivi, ukaweza kumchangamkia na kucheka naye, huenda kimya chako ni adhabu.

Ukiwa umezidiwa, una haki ya kupumzika, mradi uage. Sema, kwa mfano: "Mama Asha, hasira zimenipanda, na nikiendelea nitasema yasiyofaa; naomba tuzungumze watoto wakishalala." Sentensi hiyo inataja sababu na inataja muda wa kurudi, na huo muda ndio unaomwondolea mwenzako hofu ya kuachwa. Mapumziko yasipungue dakika 20, kwa sababu mwili hauchukui muda mfupi kutulia, na ni vyema yasivuke siku inayofuata. Tembea, oga, swali au osha vyombo. Usikae ukipanga hoja za kumshinda mwenzako, wala usimpigie dada yako simu kumsimulia, kwani kila ukisimulia hasira hupata kuni mpya.

Kimya chako kikiwa ni adhabu, dawa yake ni kusema wazi kilichokuuma, na mafumbo nayo yaachwe. Pwani, kanga yenye maneno ya kuchoma imefanya kazi hiyo tangu zamani, na siku hizi "status" ya WhatsApp imepokea zamu. Vyote viwili vinampa mtumaji nafasi ya kukana kwamba alimlenga mtu. Kibaya zaidi ni kumtuma mtoto: "Mwambie baba yako chakula tayari." Hili likome leo, hata kabla ya kupatana. Kuulizana ana kwa ana kuhusu chakula, ada na ufunguo wa mlango hakuhitaji msamaha wa mtu yeyote, na aghalabu ndiyo njia nyepesi ya kuanza tena kusemezana.

Muda mlioahidiana ukifika, anza na tendo, si tabia. Anayesema "Wewe unawajali ndugu zako tu" amefungua kesi ambayo mwenzake lazima ajitetee. Linganisha na hili: "Baba Asha, ulipotuma fedha kijijini kabla hatujalipa ada, niliingiwa na hofu, nikaona sikuhesabiwa. Safari ijayo naomba tushauriane kwanza." Hapa kuna tendo moja, hisia iliyotajwa kwa jina lake, na ombi linaloweza kutekelezwa. Msikilizaji naye, kabla ya kujitetea, arudie alichosikia: "Kwa hiyo kilichokuuma si kiasi cha fedha, ni kwamba sikukwambia?" Akikosea atasahihishwa, na kusahihishwa huko ni sehemu ya mazungumzo. Kwa maoni yangu hatua hii ndogo ina faida kuliko nyingine zote, ingawa ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kuwa kila mmoja ana haraka ya kueleza upande wake.

Radhi iombwe kwa kutaja kosa. "Kama nimekukosea, nisamehe" bado ina shaka ndani yake, na mwenye jeraha huisikia shaka hiyo kabla ya radhi. Tahadhari pia na "basi, yaishe" inayotamkwa mapema. Funika kombe mwanaharamu apite ni busara mbele ya wageni, lakini wageni wakishaondoka kombe lazima lifunuliwe.

Mwenzako akikataa kuzungumza, mwambie mara moja kwamba uko tayari, pendekeza wakati, kisha endelea na shughuli zako bila kubembeleza usiku kucha na bila kulipiza. Kimya kikirudi mara kwa mara kwa jambo lilelile, tafuteni mtu wa tatu: mshenga, somo, kiongozi wa dini au mshauri nasaha. Nisingependekeza mama mzazi wa yeyote kati yenu, kwa sababu husikia upande mmoja na huendelea kuumia mkiwa mmeshapatana. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani, isipokuwa katika hali chache. Hata hivyo hakuna haja ya kungoja mpaka talaka itajwe ndipo mtafute msuluhishi.

Ushauri huu wote hauhusu nyumba yenye kipigo au vitisho. Anayenyamaza kwa kuogopa kupigwa asishauriwe kuanza mazungumzo kwa upole, bali asaidiwe kupata usalama: kwa Tanzania kupitia Dawati la Jinsia na Watoto lililopo katika vituo vya polisi, na kwa Kenya kupitia namba ya simu 1195, ambayo hupigwa bila malipo.