Maserati au Ferrari: Ninavyopima Gari la Kitaliano Lililotumika Hapa Malindi

Mama mmoja mwenye nyumba za wageni upande wa Casuarina alinijia gereji juzi, simu mkononi. "Fundi, nimepata magari mawili. Wenyewe ni Wataliano, wanarudi kwao moja kwa moja. Nichukue lipi?" La kwanza lilikuwa Maserati GranTurismo ya 2008, injini ya lita 4.2, automatiki. La pili, Ferrari California ya 2010, nyekundu, paa la kukunja. Kwa namna alivyoishika ile picha ya Ferrari, nilijua moyo umeshakwenda. Nikamwomba jambo moja: asitoe hata shilingi ya rubuni mpaka twende wote wawili, alfajiri, tuyaone.

Hapa Malindi tumewazoea Wataliano tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha San Marco kule Ngomeni cha kurushia setilaiti. Magari yao nimeyashika zaidi ya miaka ishirini, na nayapenda kwa dhati. Ndiyo maana naona uchungu mtu akinunua kwa nembo.

Kwanza elewa kwamba injini za magari haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Zote ni V8, yaani za silinda nane, za ukoo mmoja uitwao F136, na zote zimeundwa Maranello, kwa Ferrari. Ya Maserati hiyo ina nguvu za farasi 405, ya California 460. Zote zinatumia cheni ya taimingi, si mkanda. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "mkanda umeshabadilishwa", jua hajui gari lake au anakudanganya. Basi usichague kwa injini. Tazama giaboksi, tazama bodi, na zaidi ya yote tazama gari limeishi vipi.

Hili la maisha ya gari ndilo linalowaponyoka wengi. Gari la Mtaliano wa Malindi mara nyingi ni gari la msimu. Mwenyewe yuko hapa kaskazi ikivuma, masika yakikaribia anafunga nyumba na kwenda zake. Gari linabaki bandani miezi minne, mitano. Unafika unaona saa inasoma kilomita elfu ishirini na tano, unafurahi. Mimi naingia wasiwasi. Betri imekufa mara ngapi? Magari haya yamejaa kompyuta, na umeme ukiwa dhaifu hitilafu za uongo na za kweli huja pamoja. Panya ametafuna waya? Inamisha kichwa chini ya boneti na tochi, tafuta vinyesi na plastiki iliyotafunwa. Kisha soma matairi. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Yale ya Maserati yalisoma 1114, yaani wiki ya kumi na moja ya 2014. Kashata zake, yaani meno ya tairi, zilikuwa nzima kama mpya, lakini mpira ulishakauka na kupasuka nyufa. Tairi la namna hiyo ni hatari hata kwa mwendo wa kwenda sokoni.

Injini iwashwe ikiwa baridi, baada ya kulala usiku kucha. Weka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu hazijaisha. Ikiwa ina joto, aga kwa heshima, urudi kesho. Kwenye GranTurismo za miaka ya mwanzo, ugonjwa wa kuogopa ni variata, vile vifaa vinavyogeuza muda wa valvu. Zikichakaa, gari likiwashwa asubuhi linagonga kama lori la dizeli, halafu mlio unapungua. Kuzibadilisha ni kazi kubwa na ya gharama. Maserati ile tuliyokwenda kuitazama iliwaka ikanguruma safi. Nilisikiliza mara mbili, upande huu na upande huu.

Sasa giaboksi, na hapa ndipo ninapoegemea upande mmoja. Automatiki ya GranTurismo ni ya gia sita, ya kampuni ya Kijerumani ya ZF, ya familia ileile iliyomo kwenye Range Rover na BMW nyingi za wakati ule. Mafundi wanaoijua wako Mombasa, na filta zake zinapatikana. California ina giaboksi ya klachi mbili, gia saba, tamu ajabu kuiendesha; lakini sensa moja ya ndani ikiharibika, huna pa kukimbilia Malindi wala Kilifi. Utaibeba kwa lori. Angalia pia usije ukauziwa GranTurismo S ya lita 4.7 yenye giaboksi ya MC Shift ukidhani ni automatiki ileile. Ile ina klachi moja inayoliwa, na kwenye foleni ya Mtwapa inaliwa haraka. Mashine ya kupimia husoma klachi imebaki kiasi gani. Usinunue bila kusoma.

Paa la California hukunjika kwa sekunde kumi na nne. Likunje na kulifunga mara tatu mfululizo. Mara ya pili, lile jekundu lilisimama katikati, likakaa wazi kama kaa aliyepinduliwa, mpaka tukangoja dakika kadhaa. Huenda ni swichi ndogo tu, huenda ni pampu ya haidroliki. Kwa mchanga na chumvi yetu, kila kiungo kinachosogea ni mlango wa kutu.

Chumvi haitazami bei. Bodi ya California ni alumini: haifanyi kutu nyekundu, inatoka unga mweupe na rangi inatutumka. Pitisha kidole pembezoni mwa milango na chini ya vishikio. GranTurismo kwa sehemu kubwa ni chuma. Hilo lipandishe kwenye mashine ya kuinulia, utazame sakafu na viungio vya sospensheni. Vitufe vya ndani vinavyonata kama ubani uliotafunwa utavikuta kwenye magari yote mawili, joto ndilo linaloyeyusha ule utando. Visikutishe, ila punguzia bei.

Kisha liendeshe hadi Gede na kurudi, kwenye matuta, polepole. Mwishoni liache linanguruma dakika ishirini na kiyoyozi kimewashwa, macho kwenye mshale wa joto.

Karatasi: logibuku iwe kwa jina la anayekuuzia, na uhamishaji ufanyike kabla hajapanda ndege. Na mtu akikuahidi kukuletea California kutoka Uingereza, kataa. Kwa kanuni ya kawaida Kenya haipokei gari lililopita miaka minane, na toleo lile la kwanza liliisha 2014. Yanayonunulika ni yale yaliyokwisha kusajiliwa hapa.

Mama alichukua Maserati, bei ikashushwa kwa ajili ya matairi. Kwa mtu anayeishi hapa mwaka mzima na kuwapokea wageni, ningemshauri hivyo tena. Lina viti vinne vya watu wazima kweli. Wiki ya kwanza tulibadilisha matairi, oili ya injini, oili ya breki, na oili ya giaboksi. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi hiyo ya ZF, ni ya plastiki na filta imo ndani yake, kwa hiyo hubadilishwa vyote pamoja. Nikamfungia chaja ndogo ya kuilinda betri. Gari alioshe chini kila wiki, kusi ikivuma afanye mara mbili, kwa maji ya mfereji au ya mvua. Ya kisima asitumie, visima vyetu vingi vina chumvi.