Sirinji mbili, glasi mbili: chembe zinavyokaa katika yabisi, kimiminika na gesi

Kila muhula nikisahihisha madaftari ya S.1 (kidato cha kwanza) hapa Jinja, Uganda, nakutana na sentensi ile ile: "Chembe za barafu huyeyuka zikawa chembe za maji." Mwandiko safi, jibu si sahihi, na inaniuma kwa sababu mtoto amekariri kwa bidii. Chembe haiyeyuki. Molekuli ya maji, yaani chembe yake moja, ndani ya barafu, ndani ya chai na ndani ya mvuke ni ile ile, haivimbi wala hailainiki. Kinachobadilika ni umbali baina ya chembe, jinsi zinavyoshikana, na mwendo wake. Tuone kwa mikono.

Hatua ya 1: Sirinji

Nunua sirinji mbili mpya za mililita 10 kwenye duka la dawa, zisizo na sindano. Ya kwanza vuta hewa hadi alama ya 10. Ya pili vuta maji hadi alama hiyo hiyo, na uyatoe mapovu yote, maana povu moja tu litakudanganya. Ziba mdomo kwa kidole gumba, kisha sukuma.

Ya hewa inaingia hadi karibu nusu, na ukiiachia inarudi nyuma yenyewe. Ya maji inagoma kabisa. Usiharakishe hapa, kila mtoto asukume kwa mkono wake. Chembe za gesi ziko mbalimbali, kwa hiyo ukisukuma unapunguza nafasi tupu. Za maji zimegusana tayari, zisogee wapi? Na ile nguvu inayorudisha sirinji ni molekuli za hewa zinazogonga kuta bila kukoma, zikienda kwa kasi ya karibu mita 500 kwa sekunde.

Hatua ya 2: Glasi

Jaza glasi moja maji ya baridi, nyingine maji ya moto. Tumbukiza mfuko mmoja wa majani ya chai katika kila glasi, na usikoroge. Inama, uangalie kwa karibu. Katika maji ya moto rangi inateremka kama nyuzi za moshi, na baada ya muda mfupi glasi nzima imekuwa nyekundu. Katika maji ya baridi rangi inajikongoja chini ya mfuko. Mikondo ya maji inasaidia sana, lakini hata maji yakitulia kabisa rangi itaenea polepole, kwa kuwa chembe za kimiminika zinapitana na kusukumana muda wote. Joto likizidi, mwendo unazidi.

Mwaka 1827 Robert Brown alitazama kwa hadubini vipande vidogo mno vilivyotoka kwenye chavua, akaviona vinatikisika ndani ya maji bila kupumzika. Ni mwaka 1905 ndipo Albert Einstein alipoeleza kwa hesabu kwamba vinapigwa na molekuli za maji.

Hatua ya 3: Barafu

Ponda barafu, tia kipimajoto, koroga taratibu. Kipimo kinakaa karibu na nyuzi 0 hadi kipande cha mwisho kiishe, ingawa chombo kinapokea joto muda wote. Joto hilo linatumika kulegeza mshikamano wa molekuli. Ndani ya yabisi chembe zimepangwa na kubanana, lakini hazijalala: kila moja inatetemeka pale pale ilipo.

Kuhusu kuvukiza nitasema kidogo tu. Wachimba chumvi wa Ziwa Katwe, magharibi mwa Uganda, hawachemshi maji. Jua linatosha, kwa sababu molekuli zenye kasi zaidi juu ya uso wa maji huponyoka na kuiacha chumvi.

Maswali niliyoulizwa

*Mwalimu, mchanga unamiminika na unafuata umbo la ndoo. Kwa nini tusiuite kimiminika?* (Mzazi, Arua)

Swali zuri sana, mzazi. Chukua punje moja: umbo lake halibadiliki ukiitia kwenye ndoo au kikombe. Ndani ya punje hiyo kuna chembe zisizohesabika, zote zimefungwa mahali pake. Kinachomiminika ni lundo la punje.

*Kati ya chembe za gesi kuna hewa?* (S.2, Mbale)

Hapana, mwanangu. Hewa yenyewe ndiyo hizo chembe. Katikati yake hakuna kitu.

*Kwa nini maharage huku Kabale yanachelewa kuiva kuliko Kampala?* (Mama wa watatu)

Mama, si kuni zako. Kabale iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa inakandamiza maji kwa nguvu ndogo kuliko Kampala. Molekuli zinatoka mapema, hivyo maji yanachemka karibu nyuzi 94. Kampala ni karibu 96. Kuongeza moto hakupandishi joto la maji yanayochemka. Funika sufuria kwa kifuniko kizito, au tumia sufuria ya presha.

*Chupa yangu ya maji ilipasuka kwenye friza. Si ulisema chembe hazivimbi?* (Fundi, Busia)

Hazijavimba, fundi. Maji yakiganda, molekuli zake hujipanga kwa mtindo wenye uwazi katikati, na barafu inachukua nafasi kubwa kuliko maji kwa karibu asilimia 9. Vitu vingi vikiganda hunywea. Maji ni tofauti, na ndiyo maana barafu huelea. Ukijaza chupa tena, acha karibu sehemu moja ya kumi ya chupa ikiwa tupu.