Rufaa ya visa ya mwenza Uingereza: maelezo ya mkeo yatoke kinywani mwake

Ndugu zangu mliokataliwa visa ya mke au mume, kukata rufaa kwenyewe hakuna ugumu. Aliye nje ya Uingereza ana siku 28. Ada ni pauni 80 shauri likiamuliwa kwa makaratasi tu, pauni 140 mkitaka kusikilizwa. Lipeni 140.

Panapouma ni kwenye maelezo ya maandishi ya mashahidi. Wakili wetu alizungumza na mke wangu kwa simu mara moja, akamwandikia maelezo kwa Kiingereza, akamtumia Tanga asaini. Mke wangu Kiingereza cha kisheria hakijui. Aya nzima nzima zilifanana na zangu. Na pale zilipotofautiana, ndipo tulipoumia: yangu yalitaja siku tuliyofunga ndoa bomani, yake yalitaja siku ya nikah nyumbani kwa wakwe, miezi kadhaa kabla. Mtu wa kwetu haoni tatizo hapo. Mwakilishi wa Home Office, wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza, anaona watu wawili wasiojua walioana lini.

Msidhani mtapata nafasi ya kufafanua. Siku ya shauri unaulizwa kama maelezo ni yako na ni ya kweli. Ukisema ndiyo, hayo ndiyo ushahidi wako, na maswali ya upande wa pili yanaanza papo hapo. Kwa hiyo tajeni nikah na boma, zote mbili, na sababu ya kufunga mara mbili. Mkeo aandike kwa Kiswahili, kwa maneno yake. Mfasiri aweke jina, saini, tarehe na uthibitisho kwamba tafsiri ni sahihi. Narudia: asisaini karatasi asiyoweza kuisoma.

Kuna mtego mwingine. Wengi wanadhani mke atatoa ushahidi kwa video akiwa nyumbani. Tangu shauri la Agbabiaka la mwaka 2021 msimamo uko wazi: shahidi aliye nje ya Uingereza hatoi ushahidi wa mdomo mpaka ijulikane kwamba nchi aliyomo haina pingamizi. Katika shauri letu hakuna aliyeuliza, na mke wangu akabaki ameshika simu. Maandishi hayahitaji ruhusa hiyo, lakini ya mtu asiyehojiwa huwa na uzito mdogo. Mwulizeni wakili suala hili wiki ile ile mnayokata rufaa.

Wajomba na mashangazi, tunajua mnatupenda. Ila barua sita zenye sentensi moja, "nawafahamu kama mke na mume wanaopendana", hazisaidii. Mjomba aliyepokea posa aseme aliipokea lini, nani walikuja, wapi walikaa. Aambatishe nakala ya kitambulisho. Na asiandike aliyosimuliwa kana kwamba aliyaona.

Waingereza hawa ni watu wa karatasi. Kwetu ndoa inathibitishwa na mshenga, walii na mtaa mzima uliokula pilau. Hapa inathibitishwa na risiti za kutuma pesa na kumbukumbu za simu. Naona ni dharau kwa wazee wetu, na sitaacha kulisema. Lakini risiti tunzeni.

Kabla ya kuwasilisha, pigianeni simu mke na mume, kila mmoja asome maelezo ya mwenzake kwa sauti, tarehe kwa tarehe. Tofauti mkiiona, msiifiche wala msilazimishe zifanane. Elezeni imetoka wapi, humo humo kwenye maelezo.