Kitabu cha maisha kinunuliwe kwa swali: ushauri wa muuza vitabu wa Mtaa wa Samora

Kabla hujashika kitabu chochote cha kujijenga, cha kiroho au cha maarifa ya maisha, andika swali lako. Andika kwenye karatasi, au kwenye simu kama karatasi huna. Liwe moja, na liwe la kwako. "Nataka kufanikiwa" si swali. "Mbona mshahara unaisha tarehe 12 na sina mgonjwa wala mwanafunzi wa kumlipia?" hilo ni swali. "Tangu mama afariki nashindwa kusali, nifanyeje?" hilo nalo ni swali. "Nitamwambiaje mume wangu habari za deni bila nyumba kuwaka moto?" hilo ndilo kabisa.

Nauza vitabu vya mtumba kandokando ya Mtaa wa Samora, Dar es Salaam. Wanaonijia na swali ndio wanaorudi kuniambia kitabu kimewasaidia nini. Kijana mmoja alikuja akasema, "Dada, nipe kitabu kinachobadilisha maisha." Nikamuuliza, "Kipi kwenye maisha yako unataka kibadilike, mdogo wangu?" Alisimama kidogo, kisha akaeleza kwamba anasimamia duka la kaka yake, kila jioni hesabu hazilingani, na wameanza kutoaminiana. Nikamtafutia kijitabu cha zamani cha kutunza hesabu za biashara ndogo, kilichoandikwa kwa ajili ya madarasa ya watu wazima. Neno mafanikio halikuwepo kwenye jalada lake. Aliporudi alitaka kingine cha namna hiyo, cha kuhesabu mali iliyobaki dukani.

Ukishapata swali lako, hivi ndivyo ninavyokushauri uendelee.

Kikague kabla ya kuuliza bei

Usianzie jalada la nyuma, maana pale mchapishaji anasifia mali yake. Fungua ukurasa wa hakimiliki, ule wenye maandishi madogo, ambao kwa kawaida uko nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Hapo utakuta mwaka, toleo na chapa. Toleo jipya maana yake maandishi yamepitiwa upya. Chapa mpya maana yake kimepigwa tena vilevile kilivyokuwa. Kwa hiyo kitabu kinaweza kuwa na chapa ya 2019 huku maarifa yake ni ya 1978. Vitabu vingi vya Marekani na Uingereza vina mstari wa namba kama 10 9 8 7 6 5 4, na ile ndogo kuliko zote ndiyo inayokuonyesha chapa ni ya ngapi.

Tazama pia ISBN, ile namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu. Tangu 2007 ina tarakimu 13 na kwa kawaida huanza na 978. Ukiona 9976 au 9987 inafuatia, mchapishaji ni wa Tanzania, na 9966 ni wa Kenya. Vya zamani vyenye tarakimu 10 huanza moja kwa moja na namba hizo. Mimi mwenyewe nazitafuta kila ninapopata mzigo mpya, kwa sababu kitabu cha ufugaji wa kuku au cha sheria ya mirathi kilichoandikwa kwetu kinazungumza juu ya joto letu, magonjwa yetu na mahakama zetu.

Halafu angalia kama ni orijino au kopi. Kopi utaijua: herufi zimefifia, pambizo zimepinda, picha zimegeuka madoa meusi. Inamdhulumu mwandishi, na wewe mnunuzi pia, maana mara nyingi kurasa zimerukwa. Hata orijino inaweza kuwa na pengo. Vitabu hufungwa kwa mafungu ya kurasa, mara nyingi 16 au 32, kwa hiyo fungu likichomoka kurasa hupotea kwa mkupuo. Pitisha kidole gumba kwenye namba za kurasa, hasa pale katikati ambapo mgongo umelegea.

Sasa nenda kwenye yaliyomo, tafuta sura iliyo karibu zaidi na swali lako, usome kurasa mbili papo hapo ukiwa umesimama. Muuzaji mwenye moyo hatakukataza. Ukizisoma, jiulize: huyu amejuaje anachokisema? Na amelipia nini kukijua?

Swali hilo la pili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna, alipoandika mwaka 1946 juu ya mtu kutafuta maana ndani ya mateso, alikuwa ametoka kwenye kambi za Wanazi alikopoteza wazazi wake, ndugu yake na mkewe. Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, aliacha kiti chake cha ualimu Baghdad mwaka 1095, akiwa kwenye kilele cha heshima, na baadaye akaeleza mwenyewe jinsi ulimi wake ulivyogoma kufundisha. Na hapa pwani kwetu, Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake wa wosia mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Unaweza kubishana naye, na wanawake wengi wa leo wanabishana naye kuhusu yale anayosema juu ya mke na mume. Lakini huwezi kusema aliandika ili auze.

Mwandishi ambaye ushahidi wake wote ni kwamba ametajirika kwa kuandika vitabu vya kutajirika, mrudishe mezani.

Vitabu vya maarifa: mwaka kwanza

Hapa naomba uwe mkali, hasa kwenye afya. Kitabu cha tiba cha zamani kinaweza kukwambia utibu malaria kwa klorokwini. Wakati kinaandikwa kilikuwa sahihi. Vimelea vikawa sugu, na mwaka 2001 Tanzania ikaiacha klorokwini kama dawa ya kwanza ikaingia SP, yaani vidonge vya sulfadoxine na pyrimethamine. Mwishoni mwa 2006 SP nayo ikapisha dawa mseto, ile artemether na lumefantrine ambayo wengi tunaiita alu. Mtu mwenye homa anayefuata ukurasa wa 1985 leo anahatarisha maisha yake, na ukurasa wenyewe hauna namna ya kumwonya.

Sisemi uvitupe. "Mahali Pasipo na Daktari", kitabu cha David Werner kilichotokana na kazi yake katika vijiji vya milimani Mexico, bado nakitafutia wateja kwa moyo wote. Kinafundisha kumtazama mgonjwa, kumsafisha kidonda, kujua lini mambo yamezidi uwezo wako na umkimbize hospitali. Mambo hayo hayazeeki haraka. Maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha ni yaleyale: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote visawazishwe juu, visijazwe kupita kiasi. Kinachozeeka ni majina ya dawa na vipimo vyake. Nunua, kisha kila penye jina la dawa weka alama ya penseli, ukamuulize mfamasia au mganga wa zahanati. Fanya hivyo hivyo kwa vitabu vya sheria: cha ardhi kilichoandikwa kabla ya sheria za ardhi za 1999 kisome kama historia tu.

Vitabu vya fedha: hamisha kila ushauri uje kwako

Vingi vinatoka Marekani, na vinamzungumzia mtu wa mshahara, mwenye kadi ya mkopo na nyumba ya kulipia kwa miaka thelathini. Usivibeze kwa hilo. Chukua daftari, gawa ukurasa safu tatu: kitabu kinasemaje, kwetu kitu hicho ni kipi, na mimi nitafanya nini. Kikisema hisa, hapa kuna Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998. Kikisema mfuko wa pamoja, yaani watu wengi kuchangia fedha ziwekezwe kwa niaba yao, kuna vipande vya Mfuko wa Umoja wa UTT, tangu 2005. Kikisema mpango wa kustaafu, uliza NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, namna ya kuchangia hata kama umejiajiri. Kikisema benki ya jirani, pengine kwako ni VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana.

Mfano niliouona kwa karibu ni wa dada anayeuza vitenge. Kitabu kilimwambia aweke akiba sehemu ya kumi ya kila anachopata, naye akaanza kwa bidii. Baada ya muda mzigo dukani ukawa unapungua. Alipokuja tukakaa tukaandika siku yake moja. Ameuza 80,000. Vitenge hivyo alivinunua 62,000. Nauli na chakula 6,000. Faida yake ni 12,000. Alikuwa anatenga 8,000, yaani sehemu ya kumi ya mauzo, ambayo ni theluthi mbili ya faida yake yote. Kilichobaki hakitoshi nyumbani, kwa hiyo alikuwa anamega mtaji. Sehemu ya kumi ya faida ilikuwa 1,200. Mwandishi hakukosea, alikuwa anazungumza na mtu wa mshahara, ambaye hana mtaji wa kulinda. Dada huyo sasa anatenga 1,500 kila jioni kabla hajafunga duka, na duka limejaa.

Hesabu kama ile hutaikuta kwenye kitabu chochote. Lazima uifanye wewe, na namba zako.

Vitabu vya kiroho: rudi kwenye chanzo

Hivi ndivyo ninavyouza zaidi, na ndivyo vinavyonipa mawazo zaidi. Watu huvijia wakiwa wamefiwa, wameachwa, au wamechoka tu. Kwa hiyo nasema kwa upole: kila mwandishi anapokupa andiko, fungua Biblia au Kurani yako usome yaliyotangulia na yanayofuata.

Yeremia 29:11 iko kwenye vitabu vingi mno vya Kikristo vya kutia moyo, ikiahidi tumaini na siku njema. Soma aya iliyo juu yake. Maneno yale yamo kwenye barua waliyoandikiwa watu waliokuwa utumwani Babeli, na waliambiwa wangoje miaka sabini. Wengi wa waliosikia barua ile hawakuiona siku hiyo. Kwangu mimi hilo linaipa aya uzito mkubwa zaidi, kwa sababu linamfaa hata mtu ambaye shida yake haitaisha mwezi huu.

Upande wa Waislamu, aya ya 11 ya Surat Ar-Ra'd, ile ya Mwenyezi Mungu kutobadili yaliyo kwa watu mpaka wabadili yaliyo nafsini mwao, hukatwa ikawa kauli ya kuhimiza juhudi za mtu mmoja. Aya yenyewe inaanza na malaika wanaomlinda mja na inamalizia kwa kusema hakuna wa kuzuia akitakalo Mwenyezi Mungu. Inazungumza na kaumu, na inazungumza juu ya uwezo wa Mungu. Muulize sheikh wako tafsiri yake. Atafurahi kuulizwa.

Vitabu hivi visisomwe haraka. Ukurasa mmoja alfajiri, uurudie jioni, utulie. Ukiona kitabu kinakudai pesa ili baraka zifike, au kinakwambia usiulize, kifunge. Hapo hakuna cha kutafuta.

Ukiwa nacho nyumbani

Liandike swali lako kwa penseli ndani ya jalada, pamoja na tarehe. Soma sura moja, halafu simama. Usiguse ya pili mpaka umefanya jambo moja lililo kwenye ya kwanza, hata dogo: umeandika matumizi ya juma, umempigia ndugu mliyenuniana, umelala bila simu chumbani. Kama sura haina jambo la kufanya wala la kutafakari, iruke. Mwandishi hayupo, hataumia. Nikinunua vitabu kwa watu naona wengi wamepiga mistari kurasa ishirini za mwanzo, mistari ya manjano kila mahali, kisha kurasa zote zilizobaki ni safi kabisa.

Kitafutie pia mwenza. Mtu mmoja anatosha, anayesoma kitabu hichohicho, mnaulizana kila Jumamosi umefanya nini. Jamaa wawili wa bodaboda wananunua kwangu kitabu kimoja kwa kuchanga. Mmoja husoma kwa sauti wakiwa kijiweni wanasubiri abiria, mwingine anamkatiza kila anaposikia jambo asilolikubali. Nimewasikiliza mara nyingi, na sijaona njia bora ya kusoma kuliko ile.

Na kuna hali ambazo kitabu si mahali pa kuanzia. Kama usingizi umekukimbia kwa majuma na unafikiria kujidhuru, nenda hospitali, ueleze hivyohivyo bila kuficha. Kama unapigwa nyumbani, nenda dawati la jinsia kwenye kituo cha polisi, au ustawi wa jamii. Kama ni mkopo wa mtaani unaozidi kila siku, kaa na mtu anayejua hesabu na sheria, mkiwa na karatasi zote mezani. Wateja wa namna hii nikiwatambua siwauzii siku hiyo. Nawaelekeza, na kitabu nawawekea pembeni mpaka watakaporudi.