Stendi ya jiliwa isiyotikisika

Ukimwona fundi anapiga tupa huku kabana mguu wa meza kwa goti, ujue anafanya kazi mbili kwa malipo ya moja. Nami nilikuwa hivyohivyo karakanani kwetu Ngamiani, Tanga, nikidhani bomba la stendi ni jembamba. Nikanunua zito, meza ikacheza vilevile. Kumbe mchezo ulikuwa kwenye maungio na sakafu.

Hii ni stendi ya jiliwa, kile kibanio cha kushika chuma unapokifanyia kazi, la inchi 6. Tafuta engo (chuma cha pembe) ya milimita 50 kwa 50 yenye unene wa 5, flati bari (chuma bapa), bati zito kidogo, bolti nne za milimita 12 na washa pana. Uso wa meza uwe mbao ya sentimita 5. Mimi natumia mtiki, maana msitu wa Longuza uko hapo Muheza tu. Mninga nao unafaa. Plaiwudi nyembamba achana nayo, inanguruma kama ngoma.

Hatua ya 1: Kimo. Vaa viatu vya kazi, simama wima, kunja mkono, upime kutoka sakafuni hadi kiwikoni. Hapo ndipo midomo ya jiliwa inatakiwa kufika. Kwangu ni sentimita 106. Toa 18 za jiliwa na 5 za mbao, fremu inabaki 83. Wengi hupima meza wakasahau jiliwa, kisha wanapiga tupa mabega yamepanda masikioni.

Hatua ya 2: Fremu na miguu. Fremu ya juu iwe sentimita 60 kwa 50. Miguu ikate 85, utaipunguza baadaye. Chini itanuke sentimita 5 kila upande. Usichomelee moja kwa moja: gusa kidoti kila kona, pima kona kwa kona kwa mshazari, na vipimo viwili vikilingana ndipo umalizie, ukiruka kutoka kona hii kwenda ya mkabala. Ukimaliza kona moja yote kwa pamoja, joto litaivuta fremu ipinde.

Hatua ya 3: Mishikizo. Fremu ya pembe nne ukiisukuma ubavuni inataka kulala, pembetatu hailali. Kwa hiyo weka flati bari ya mshazari nyuma na ubavuni kote kuwili. Mbele unahitaji nafasi ya miguu yako, basi chomelea pale vipande vya bati vya pembetatu kwenye kona za juu.

Hatua ya 4: Uzito. Chomelea rafu chini, uweke viroba vya mchanga mkavu wa mtoni. Stendi yangu ya kwanza ilikuwa ya mabomba, nikayajaza mchanga wa ufukweni kwa kuwa ni wa bure. Chumvi ikala chuma kutoka ndani, nje rangi inang'aa. Mguu ulikatika nikiwa nimebana ekseli ya baiskeli, na ekseli ikanipiga kwenye ugoko.

Hatua ya 5: Kufunga jiliwa. Likae juu ya mguu, si katikati ya mbao. Mdomo usiosogea ujitokeze kidogo nje ya ukingo, ili kipande kirefu kiweze kuning'inia. Toboa mbao mpaka chini, pitisha bolti, na chini weka bati kabla ya washa na nati. Skrubu za mbao hazidumu hata mwezi. Baada ya wiki kaza tena, maana mbao hujibana.

Hatua ya 6: Sakafu. Sakafu zetu nyingi zina mabonde. Weka pima maji, punguza mguu mrefu au chomelea kipande cha flati chini ya mfupi. Kuna wanaoweka mpira wa tairi chini ya miguu. Kwa grinda ya mezani sawa, unameza mtetemo; kwa jiliwa unaifanya stendi idunde. Kama sakafu ni ya zege, funga stendi kwa bolti.

Sasa bana chuma, weka mezani kikombe cha maji kilichojaa pomoni, upige tupa kwa nguvu. Yakimwagika, mwambie kijana avute jiliwa huku na huku, nawe pitisha kidole kwenye kila kiungo, nusu kipande hiki, nusu kile. Kidole kikihisi vipande vinaachana, hapohapo ndipo pa kurudia.