Andika badiliko siku ileile unapolifanya

Ukichangia programu huria, usingoje siku ya kutoa toleo ndipo uanze kukumbuka ulichobadilisha. Weka sehemu ya "Yajayo" juu kabisa ya faili la CHANGELOG (orodha ya mabadiliko ya kila toleo), na kila badiliko liandikwe humo ndani ya komiti (mabadiliko yanayohifadhiwa pamoja kama hatua moja katika historia ya mradi) ileile yenye msimbo wake. Mstari mmoja unatosha, ila umlenge mtumiaji: "Programu haikwami tena ukihifadhi faili lenye jina refu" humsaidia, "nimerekebisha hitilafu" haimwambii kitu.

Majaribio nayo yaende hivyohivyo, kidogokidogo. Badili kitu kimoja, endesha majaribio, weka komiti, ndipo uendelee. Faida utaiona siku kitu kikiharibika: amri ya git bisect, ya Git, programu inayotunza historia ya msimbo, hugawa historia hiyo nusu kwa nusu, hivyo kati ya komiti 1,000 utaipata yenye kosa kwa hatua 10 hivi. Lakini komiti ikibeba mabadiliko ishirini (na hapa ndipo wengi hukwama), bisect itakuonyesha rundo tu, kisha utafukua mwenyewe. Ukishaipata hitilafu, andika kwanza jaribio linaloshindwa kwa sababu yake, ndipo uirekebishe.