Punda wa Ubia: Hesabuni Saa za Punda, Si Saa Zenu

Tangu masika yaishe nimeitwa mara tatu kumtazama punda aliyelala njiani akakataa kuinuka. Wote watatu walikuwa punda wa ubia: mwenye punda mmoja, mshirika mmoja, gari moja. Na mara zote tatu nilipouliza punda kafanya kazi saa ngapi jana, nilijibiwa na watu wawili, kila mmoja na jibu lake, na wote wawili walisema kweli.

Wa mwisho alikuwa kaskazini Pemba. Asubuhi alivuta mchanga wa mwenyewe, saa 12 hadi saa 5. Saa 7 mchana mshirika akamchukua kwenda kupakia matofali, akamrudisha saa 12 jioni. "Mimi saa tano tu, dokta," akasema wa kwanza. "Na mimi tano tu," akasema wa pili. Punda hakuulizwa, lakini yeye alikuwa na kumi.

Sitaki kuandika leo namna ya kufunga punda, wala majani gani anayapenda. Hayo mnayajua, wengine mnanizidi. Naandika juu ya kosa hili moja kwa sababu linakula punda wa watu, na punda mzima wa gari si bei ya kuku.

Kwanza hesabu yenyewe. Punda mzima, mwenye afya, asizidishe saa 6 za kazi kwa siku. Saa 6 hizo ni za punda, si za kila mbia. Mkiwa wawili, wanne au ukoo mzima, ni 6 zile zile. Na zisiwe za jua kali: saa 12 asubuhi hadi saa 4, halafu saa 10 alasiri hadi saa 12 jioni. Hapo katikati punda yuko kivulini, amevuliwa matandiko, ana maji mbele yake. Katika saa hizo za kazi pia, kila baada ya saa mbili simama dakika 15, umpe maji. Punda wa kazi hunywa kati ya lita 10 na 25 kwa siku, na siku za kaskazi hukaribia hizo 25. Dumu moja la lita 20 asubuhi na kumsahau hadi usiku si kumnywesha. Maji yawe safi, kwa sababu punda mwenye kiu atayakataa machafu, na wewe utasema "hana kiu".

Sasa saa inaanza lini? Hapa ndipo watu wanaponidanganya, na wanajidanganya. Saa inaanza pale matandiko yanapowekwa mgongoni na inaisha yanapotoka. Si pale gurudumu linapozunguka. Kama umefika machimbo ya mchanga ukamwacha amefungwa kwenye gari saa nzima huku vijana wakijaza kwa pauro na kupiga soga, hiyo ni saa. Uzito wa miti ya gari uko shingoni na mgongoni hata gari likiwa limesimama. Kama hutaki ihesabiwe, mfungue, mvue, mpeleke chini ya mwembe. Na ile safari ya kuvuta gari tupu kutoka kwa mwenye punda hadi kwa mshirika, nayo inahesabiwa. Nimemkuta mtu anaishi mwendo wa saa nzima kutoka kwa mbia wake na hakuwahi kuifikiria hiyo saa hata siku moja. Kwenda na kurudi, saa 2 za punda zimekwenda na hakuna hata tofali moja lililobebwa.

Dawa yake ni rahisi kuliko mnavyodhani: gawaneni siku, msigawane saa. Uingereza watu wanaoshirikiana farasi huandikiana kabisa siku zipi ni za nani, na farasi wao wengi hawajui hata gari ni nini. Kwetu ipangwe hivi: Jumamosi, Jumapili na Jumatatu za mwenye punda, Jumanne, Jumatano na Alhamisi za mshirika, Ijumaa ya punda. Anayemaliza zamu yake anamrudisha jioni, si asubuhi ya pili, ili usiku punda apumzike kwa yule atakayemfanyisha kazi kesho.

Najua neno litakalofuata. Msimu wa karafuu ukichanganya, kila mtu ana magunia yake, na mbia anakuja kusema "nikopeshe siku yako, nitakulipa". Kopeshaneni, ni mali yenu. Lakini Ijumaa ya punda haikopeshwi. Hiyo si yako hata uitoe, wala si ya mwenzako. Kila ninapokuta punda amekwenda siku 10 au 12 mfululizo bila kupumzika, ukichimba utakuta Ijumaa moja au mbili zimekopeshwa kwa nia njema kabisa.

Kwa wale ambao kwa kweli hawana budi kugawana siku moja, chukueni kamba nyembamba, mpige mafundo 6, muifunge kwenye gari. Kila saa ikiisha, anayemfanyisha kazi anafungua fundo moja. Mbia wa pili akija, hamuulizi mwenzake kitu, anatazama kamba. Mafundo mawili yamebaki? Ana saa mbili. Hakuna fundo? Anarudi nyumbani, au anaazima gari la ng'ombe la jirani. Kamba inafunguliwa, haifungwi upya hadi asubuhi. Nimeona mmoja ameifunga tena mchana. Nilimwambia aliyemfunga ni punda, si kamba, akacheka, lakini alinielewa.

Wakati wa kukabidhiana, msipeane hatamu mkononi kama mnapeana funguo. Punda akae nusu saa kivulini, bila matandiko. Halafu anayempokea asimame ubavuni, atazame tumbo linavyopanda na kushuka, ahesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Dakika nzima, si robo dakika ukaizidisha kwa nne, maana punda akitikisika hesabu inaharibika. Punda aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 28 kwa dakika. Akiwa bado juu ya 30 baada ya nusu saa ya kivuli, siku yake ya kazi imekwisha, hata kama kamba ina mafundo matatu. Kisha pitisha kiganja chini ya pale tandiko linapokaa, shingoni na kifuani. Pakiwa na joto, uvimbe au nywele zilizolala vibaya, hapo kesho pana kidonda. Kila mbia kuwa na tandiko lake ndiko kunakoleta vidonda viwili badala ya kimoja. Wekeni tandiko moja zuri, lifuate punda.

Mzigo nao uhesabiwe kwa punda. Kwenye njia tambarare, gari na mzigo wake pamoja visizidi uzito wa punda mara mbili. Chukua punda wa kilo 150: ni kilo 300 zote, gari likiwemo. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Ukishatoa uzito wa gari, umebaki na mifuko minne. Nimeona saba, na juu yake kijana amekaa. Kwenye vilima vya Pemba, au njia za mawe za uwandani, punguza nusu, na kijana ashuke atembee. Wa mgongoni, kilo 50 zinamtosha punda wa uzito huo. Na mwani mbichi usiupime kwa macho ya mwani mkavu. Maji ndiyo mzigo wenyewe.

Chakula ni hadithi ile ile kwa upande wa pili. Kazini punda anasahauliwa na wote wawili, kwenye pumba anakumbukwa na wote wawili. Mwenye punda anampa kopo usiku, mshirika anampa kopo jingine asubuhi, kila mmoja anaona huruma. Pumba nyingi kwa ghafla humletea msokoto wa tumbo na maumivu ya kwato. Kopo ni moja kwa siku, la watu wawili, na mmoja tu ndiye anayelitoa. Mkitaka kumbadilishia chakula, mbadilishieni kidogo kidogo kwa siku 14.

Mkifuata haya, punda ataondoka asubuhi bila kupigwa.

Andikeni. Karatasi moja, mbele ya sheha, kiongozi wa eneo lenu: siku za nani, nani analipa dawa ya minyoo, nani anamwita mchonga kwato, na kama ni jike, mtoto atakuwa wa nani. Hili la mtoto limevunja ubia mwingi kuliko kifo. Jike hubeba mimba karibu mwaka mzima, na katika miezi mitatu ya mwisho havuti mizigo mizito, basi mjue mapema nani atakaa bila punda.

Na mwisho, punda haonyeshi maumivu kama mbuzi. Hapigi kelele, anasimama tu, kichwa chini, masikio yamelegea. Mbia mmoja anasema "amechoka tu", wa pili anampokea hivyo hivyo. Punda akiacha kula, mafuta ya mwilini humiminika kwenye damu yakaharibu ini, na punda mnene au jike mwenye mimba anaweza kufa kwa siku chache. Akikataa majani jioni, aliye naye apige simu ofisi ya mifugo ya wilaya usiku huo huo, halafu ndiyo ampigie mbia wake.